Salamu Ndizo Uhai wa Lugha

Lugha haifi kwa siku moja. Huanza kufa pale mzazi anapoacha kumwamkia mwanawe kwa lugha hiyo, na mgeni anapobisha hodi akajibiwa kwa lugha ya watu wengine. Yaliyowafika Walenape, wenyeji wa asili wa bonde la mto Delaware nchini Marekani, ni ushahidi wa kutosha.

Kisiwa cha Manhattan, ambacho leo ni kitovu cha jiji la New York, kilikuwa chao, na jina lake limetokana na lugha yao. Mwaka 1683 William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, aliandika kwamba alijitahidi kujifunza lugha ya wenyeji hao ili asihitaji mkalimani. Heshima hiyo haikudumu. Mwaka 1737 wanawe waliwapokonya Walenape ardhi kubwa kwa hila, na baadaye watu hao wakasukumwa kutoka mahali hadi mahali, wengine wakaishia Oklahoma na wengine Kanada. Umma uliotawanywa hivyo, ukazungukwa na Kiingereza sokoni, shuleni na ofisini, ungeirithishaje lugha yake? Mzee wa mwisho aliyeijua tangu utotoni lugha ya Walenape wa kusini, iitwayo Unami, alifariki mwaka 2002.

Hata hivyo wazee hawakuondoka bila kuacha urithi. Bibi Nora Thompson Dean, aliyefariki mwaka 1984, aliifundisha lugha hiyo na kukubali sauti yake inaswe. Leo ipo kamusi yenye sauti, iliyoandaliwa na Walenape wa Oklahoma, ambayo humwezesha mtoto kuwasikia wazee waliokwisha kutangulia.

Katika kamusi hiyo hazina kubwa ni maneno ya kila siku. "Wanishi" ni asante. "Kulamàlsi hàch?" ni kuuliza, "U mzima?" "Mitsi" ni kumwambia mtu ale. Wanapoachana husema "Làpìch knewël," yaani, nitakuona tena. Mtoto anayetamka "wanishi" kila amalizapo kula amekwisha kuirudisha lugha mahali pake, nyumbani. Kitabu huhifadhi maneno, bali kinywa ndicho kihifadhicho lugha.

Serikali nazo zina wajibu wao. Kwa miaka mingi shule za serikali ya Marekani ziliwaadhibu watoto wa wenyeji kwa kusema lugha zao. Ni mwaka 1990 tu ambapo Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuzilinda lugha hizo, wakati wazee wa Unami waliosalia walikuwa wachache mno.

Funzo hilo linatuhusu sisi wakazi wa visiwani, wenye Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba. Mwalimu asimcheke mtoto anayetamka neno la bibi yake, na ofisi zinazohusika zisingoje mpaka sauti za wazee zitafutwe makaburini. Kuanza si kazi ngumu, kwani kila nyumba ina salamu zake. Zitumike.