Herufi Moja Kwenye Cheti

Kazi yangu ni kupokea maombi ya ajira. Meza yangu haikosi bahasha za kaki, na kabla sijasoma barua ya mwombaji, huwa nafungua fotokopi za kitambulisho na cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya. Majina yasipolingana, bahasha huwekwa kando. Vyeti bandia vimetuchosha, tumezoea kushuku kwanza na kuuliza baadaye, kama tutauliza.

Ndiyo maana kesi ya Audrey Mbugua ilinigusa kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia kuhusu watu waliobadili jinsia. Audrey aliandikishwa mvulana alipozaliwa. Alifanya KCSE mwaka 2001, akapata A-, akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Maseno. Alipoanza kuishi kama mwanamke alibadilisha jina kisheria, ila cheti kikabaki na jina la zamani na ile herufi moja ya jinsia ya kiume.

Sasa mweke mbele ya meza kama yangu. Amevaa sketi, cheti chake kinasema ni mwanamume. Mwajiri atadhani ameiba cheti cha kaka yake. Amebaki na mawili: kumsimulia mtu asiyemjua mambo ya mwilini mwake, huku mleta chai ametega sikio mlangoni, au achukue bahasha yake aende zake. Ile A- aliyoitolea jasho haimsaidii kitu.

Baraza la Mitihani la Kenya lilikataa kubadilisha cheti hicho, naye akaenda kortini. Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliagiza apewe kipya chenye jina lake la sasa, bila alama ya jinsia. Sheria, alisema, hailazimishi baraza kuandika jinsia kwenye cheti, na alama za mtihani hazitolewi kwa jinsia ya mtu. Nilicheka niliposoma hapo. Miaka yote hii nimekagua gredi za hisabati, na sijaona hesabu ya kiume wala ya kike.

Wengi bado huwachanganya watu waliobadili jinsia, kama Audrey, na huntha. Huntha huzaliwa na maumbile yasiyoangukia waziwazi upande mmoja. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu 1,524. Aliyebadili jinsia kwa kawaida maumbile yake hayakumtatiza mkunga. Ni yeye mwenyewe, anavyojijua, asiyelingana na alichoandikiwa. Baadhi hutumia homoni au hufanyiwa upasuaji, wengine hawafanyi lolote kati ya hayo, na wapo wasiojihesabu wanaume wala wanawake. Anayempenda ni nani? Hilo ni suala jingine kabisa.

Wanaoishi nje ya mipaka tuliyozoea hawateswi na karatasi tu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamuru alipwe shilingi 200,000 mtu aliyevuliwa nguo na polisi wa Thika waliotaka kujua jinsia yake. Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa mwingine shilingi milioni moja kwa udhalilishaji aliofanyiwa akiwa mahabusu, ikataka pia itungwe sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Kati ya hukumu hizo mbili imepita zaidi ya miaka kumi, na kosa ni lilelile: afisa kujipa haki ya kuukagua mwili wa mtu ili kumaliza udadisi wake.

Msomaji anaweza kusema dini yake haikubali. Simbishii, mimi si sheikh wala mchungaji. Lakini gredi aliyoipata mtu kwa kukesha na vitabu ni mali yake, na kumrudishia mwenyewe mali yake hakuhitaji fatwa.

Kwenu wenzangu wa ofisi za ajira: mwombaji akileta hati ya kubadilisha jina, isomeni. Angalieni kama ilitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Shaka ikibaki, ulizeni Baraza la Mitihani kuhusu gredi zake. Mwiteni kwa jina lililo kwenye hati hiyo, kisha mwulizeni kama anaijua kazi. Yaliyo ndani ya nguo zake hayawahusu.