Mikoko ya Gazi: Kupanda Peke Yake Hakutoshi



Kila msimu wa mvua unapokaribia, kamati nyingi za parokia huandaa siku ya kupanda miti kando ya mito, vijito na fukwe. Wafadhili nao huuliza: miche mingapi imepandwa? Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Mche huweza kupandwa kwa dakika moja na kufa kabla ya Pasaka ijayo. Katika toleo hili tunaeleza habari za vijiji viwili vya pwani ya Kenya ambavyo vimelinda mikoko yao kwa miaka mingi, ili tuone ni nini hasa kinachofanya kazi ya namna hii idumu.

Gazi ni mahali gani?

Gazi ni kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Jirani yake ni Makongeni. Wakazi wengi ni Wadigo, na wengi wao ni Waislamu. Mbele ya vijiji hivi kuna ghuba ambayo bahari huingia bara kwa mikono miwili. Mkono wa magharibi hupokea maji baridi ya Mto Kidogoweni, na Mto Mkurumuji humwaga maji yake upande wa kusini. Maji yakijaa, mizizi ya mikoko hufunikwa; yakipwa, matope hubaki wazi na watu hupita kutafuta kaa na chaza.

Mikoko si mti mmoja. Mlilana husimama mbele kabisa, unakopigwa na mawimbi. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, kisha msindi na mkandaa. Mchu huvumilia chumvi nyingi, hivyo huonekana hata upande wa nchi kavu, mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu.

Uharibifu ulianzaje?

Kwa karne nyingi miti hii ilikatwa kwa ajili ya kujengea. Boriti, mazio, pau na fito zilipakiwa kwenye majahazi hadi Uarabuni, ambako miti ya kuezekea ni adimu. Kenya ilipiga marufuku kuuza nguzo hizo nje ya nchi mwaka 1982. Lakini Gazi iliumizwa pia na hitaji la karibu zaidi. Katika miaka ya 1970 sehemu za msitu zilikatwa zote kwa pamoja ili kupata kuni za tanuri za chokaa na matofali. Palipobaki wazi, jua lilikausha udongo, chumvi ikazidi, na mbegu zilizoletwa na maji hazikuweza kushika tena.

Mwaka 1991 Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ilianza majaribio ya kupanda upya katika ghuba hiyo, ikishirikiana na wanakijiji. Polepole ilijulikana ni mti upi unafaa mahali gani. Mbegu ndefu ya mkoko huchomekwa moja kwa moja kwenye matope. Mahali palipo wazi kwa mawimbi, kazi ni ngumu, kwa kuwa mche hung'olewa kabla ya kushika mizizi.

Kwa nini matope yana thamani?

Mvuvi anajua kwamba samaki wengi na kamba hukulia kwenye mizizi ya mikoko kabla ya kwenda kilindini. Mwenye nyumba ya ufukweni anajua kwamba miti hiyo hupunguza nguvu za mawimbi. Faida ya tatu haionekani kwa macho. Mti unapokua huvuta hewa ya ukaa kutoka angani na kuigeuza kuwa shina, majani na mizizi. Katika msitu wa nchi kavu, majani yaliyoanguka huoza upesi na hewa hiyo hurudi angani. Katika matope ya mikoko, yaliyojaa maji na kukosa oksijeni, kuoza huenda polepole sana. Hivyo kaboni hulundikana ardhini, karne kwa karne. Wataalamu hukadiria kwamba eneo la mikoko huweza kuhifadhi kaboni mara tatu hadi tano zaidi ya eneo kama hilo la msitu wa kitropiki wa bara.

Maana yake ni kwamba msitu wa zamani ukikatwa, hasara si miti tu. Hazina iliyowekwa chini ya miti nayo huanza kupotea, na mche mpya hauwezi kuirudisha katika maisha ya mtu mmoja. Kulinda uliopo huja kwanza, kupanda hufuata.

Mpango wa Mikoko Pamoja

Mwaka 2013 Gazi na Makongeni walianza mpango uitwao Mikoko Pamoja. Unahusu hekta 117 kati ya zaidi ya hekta 600 za mikoko katika ghuba hiyo. Kila mwaka kiasi cha kaboni kinachookolewa hupimwa, na tani zipatazo 3,000 za hewa ya ukaa huuzwa kwa watu na makampuni ya nje wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Cheti hutolewa chini ya kanuni za Plan Vivo, na mauzo hufanywa kupitia shirika la hisani lililoko Scotland. Ulikuwa mpango wa kwanza duniani wa wanakijiji kuuza kaboni ya mikoko, na mwaka 2017 ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Tukiutazama kwa makini, tunaona nguzo nne zilizoushikilia.

1. Haki iliyoandikwa. Mikoko ya Kenya imekuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Wanakijiji hawakuweza kuingia mkataba wowote juu ya mali isiyo yao. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyofungua mlango, kwa kuruhusu jumuiya za misitu kutia saini mkataba wa usimamizi na Huduma ya Misitu ya Kenya. Bila karatasi hiyo, nia njema ingeishia mkutanoni.

2. Ulinzi wa kila siku. Msitu una watu wanaoupitia na kuukagua. Anayekata usiku ni mtoto wa jirani fulani, na jirani humfikia mapema kuliko askari wa msitu.

3. Kuni na nguzo mbadala. Marufuku haipiki ugali. Kwa hiyo mpango ulipanda mivinje nchi kavu, mti unaokua haraka, ili watu wapate kuni na miti ya kujengea pasipo kuingia majini.

4. Fedha zinazoonekana. Kamati huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, nao hukaa kikao kuamua matumizi. Fedha zimeelekezwa kwenye maji safi na mahitaji ya shule, vikiwemo vitabu. Mama anayechota maji karibu na nyumbani ana sababu ya kumkemea mkataji.

Mipaka ya mpango

Hatutaki kuwapa picha ya utajiri. Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa takriban dola 12,000 hadi 15,000 za Marekani kwa mwaka, kwa vijiji viwili. Ukigawa kwa kila kaya, hakuna anayeacha kuvua samaki. Fedha hizo zina maana kwa sababu zinatumika pamoja. Aidha, bei ya kaboni hupangwa mbali na Gazi, na mto unaotoka juu huleta udongo ambao kamati ya kijiji haiwezi kuuzuia peke yake.

Hata hivyo, mfano umeenea. Vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, vimeanzisha mpango kama huo kwa eneo kubwa zaidi. Sheria nayo imebadilika: tangu mwaka 2023, Kenya inataka miradi ya kaboni ya ardhini iwe na mkataba na jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya kutoa gharama. Kamati yoyote itakayofikiwa na mnunuzi wa kaboni iijue sheria hiyo kabla ya kutia saini.

Maswali kwa kamati zetu

Si kila parokia ina bahari. Lakini kijito kinachopita nyuma ya kanisa kina majirani, na majirani hao hawasali wote mahali pamoja. Kabla ya kuomba au kutoa fedha za miche, tunawaomba mjadili haya:

- Ardhi hii ni ya nani kisheria, na ruhusa yetu imeandikwa wapi?
- Nani anaitegemea kwa kuni, mchanga, majani au malisho, na tutampa nini badala yake?
- Je, majirani wa madhehebu na dini nyingine wamo katika kamati, au wamealikwa kushika majembe tu?
- Nani atahesabu miche iliyo hai baada ya miaka mitatu, na nani atamlipa?

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Mnapotuma mchango wa kupanda, tengeni pia sehemu ya kulinda: posho ya walinzi, gharama ya vikao, nauli ya kufuatilia mkataba. Mambo hayo hayapendezi kwenye picha, lakini kule Gazi ndiyo yaliyouacha msitu umesimama.