Je, Wajua? Anga ya Ukuni kwa Rangi za Maji
Je, wajua ya kuwa James Augustus Grant, Mskoti aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha mto Naili, alikaa miezi kadhaa ya mwaka 1861 huko Ukuni katika Unyamwezi, upande wa Kahama, naye alikuwa mchoraji wa rangi za maji? Katika fani hiyo wingu jeupe aghalabu halipakwi kitu, bali karatasi huachwa ing'are yenyewe, samawati ikizungushwa kandokando yake ingali majimaji. Lakini Grant alikaa huko wakati wa kiangazi, ambapo mawingu ya Unyamwezi huwa haba, na vumbi pamoja na moshi wa nyika huitawanya nuru hata jua la magharibi likaiva wekundu, jambo gumu kwa brashi yoyote. Ya kusikitisha ni kwamba kitabu cha Speke cha mwaka 1863 juu ya safari hiyo, ambacho picha zake nyingi zilitokana na mkono wa Grant, kilizichapa kwa wino mweusi, mbingu zikageuka mistari mitupu! Michoro yake ya rangi imehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti.