Epulu: Shabiki wa Avatar ana mashaka na filamu ya tatu

Nimeipenda Avatar tangu filamu ya kwanza ya James Cameron ya mwaka 2009. Niliitazama Bunia, kwa DVD, na palepale nikafikiria Epulu: watu wanaoishi na msitu wao, na wageni wanaotaka madini yaliyo chini yake. Hapa Mambasa, Bambuti huuita msitu baba na mama. Kwetu haikuwa hadithi ya mbali.

Filamu ya tatu, Fire and Ash, ilitoka Desemba 2025. Inapita saa tatu na picha zake ni za ajabu, lakini nina mashaka. Quaritch, adui aliyeuawa katika filamu ya kwanza, alirudishwa mwaka 2022 na bado yupo. Uwindaji wa tulkun, wanyama wakubwa wa bahari, tulishauona katika filamu ya pili.

Jambo jipya ni Mangkwan, kabila la Na'vi ambalo makao yake yaliharibiwa na volkano. Wamemwacha Eywa, nguvu inayounganisha viumbe vyote. Sasa wanapokea bunduki za wageni na kuwashambulia Na'vi wenzao.

Hapo filamu ilinigusa. Tarehe 24 Juni 2012, Mai-Mai Simba wa Morgan walivamia kituo cha hifadhi ya okapi, Epulu. Waliua watu, wakiwemo walinzi, na kuchoma majengo. Okapi 14 walikufa. Wavamizi hawakutoka sayari nyingine, walikuwa Wakongomani kama sisi.

Lakini filamu haikai sana na swali hilo: kwa nini mtoto wa msitu anauchoma msitu? Inakimbilia vita kubwa, na wanyama wanaingia vitani kuwasaidia watu. Okapi wa Epulu walikuwa ndani ya ua. Hakuna aliyekuja kuwaokoa.

Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1992, ikaingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1996, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Dhahabu inachimbwa ndani yake, ingawa sheria inakataza.

Cameron amepanga filamu ya nne na ya tano. Nitazitazama, sikatai. Ila ningependa mara moja atuonyeshe asubuhi baada ya vita: nani anabaki kulinda msitu, na nani ananunua kilichotoka humo.