Tansio ya mimba: dawa iko na wakati wake

Ndugu wachimbaji, wamama na wadada, leo hatuzungumuze mushahara. Tunazungumuza ugonjwa unaoua mama na mutoto mu nyumba zetu: tansio inayopanda wakati wa mimba.

Inakuwa hivi. Kuanzia mwezi wa tano, tansio ya mama inafika 140 juu ao 90 chini, ao inapita. Mara nyingi hasikii kitu. Anauzisha ku soko, anapika bukari. Halafu kichwa kinauma sana, macho yanaona giza, uso na mikono vinavimba, tumbo linauma pale chini ya mbavu. Asipotunzwa, anaweza kuanguka na kutetemeka kama mutu wa kifafa. Wengine wanasema ni bulozi. Hapana! Ni ugonjwa, uko na jina, uko na dawa.

Ila ugonjwa huu unaanzia mbali. Mu miezi ya kwanza, kondo, ile inayolisha mutoto ndani ya tumbo, inajifungulia njia za damu. Njia zikitoka nyembamba, matata yanakuja kisha. Aspirini kidogo ya kila siku inasaidia damu ipite. Sisi tunaelewa jambo hilo: mu shimo, miti inasimamishwa mbele, hatungoje udongo uanguke.

Na si maneno ya kusikia tu. Mu 2020, jarida The Lancet lilitangaza utafiti uliofanywa mu inchi 6, Kongo yetu na Zambia ndani, kwa wanawake karibu 12 000 wa mimba ya kwanza. Wenye walikunywa aspirini ya miligramu 81 walizaa mbele ya wakati 11,6 kwa 100. Wengine 13,1 kwa 100. Kuzaa mapema sana pamoja na tansio kulipunguka vilevile.

Nani anaihitaji? Zaidi mama aliyekwisha kupata tansio mu mimba ingine, mwenye sukari, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye tansio tangu zamani, ao mwenye mapacha. Mimba ya kwanza na miaka kupita 35 vinaongeza hatari. Wauguzi wanatoa miligramu 75 mpaka 150 kwa siku, kuanzia juma la 12, vizuri mbele ya juma la 16.

Tuangalie vizuri. Aspirini ya 500 ya ku soko, usiikate mwenyewe. Mwenye kidonda cha tumbo ao anayetokwa damu aseme kwanza. Anayekunywa kaptoprili aseme mapema, maana inaharibu mutoto. Tena aspirini haishushi tansio iliyokwisha kupanda. Hapo kuna metildopa na nifedipini, na sulfate ya manyezi kwa kuzuia kifafa. Kwa alama zile tulizotaja, ni hospitali siku ileile, hata usiku.

Shida yetu ni wakati. Wengi wanaficha mimba mpaka tumbo lionekane, wanaenda CPN mwezi wa sita. Miti inaletwa shimo limekwisha kuanguka. Baba, bibi akikuambia amekosa mwezi wake mara mbili, musindikize. Kama unafanya poste ya usiku, asubuhi uko na nafasi.

Na kwa wakubwa wa kazi tunasema wazi: Code du travail ya 2002 inalazimisha mwajiri kutunza mutumishi, bibi na watoto wake, mimba ndani. Kwa hiyo delegé, ku mukutano unaokuja, aulize vitu vitatu: mashine ya tansio inayotumika, vipimo vya mukojo, na aspirini ya miligramu kidogo mu dispanseri. Kwa ndugu wachimbaji wa mikono wasio na mwajiri, kooperative iweke franga kidogo pembeni kwa kazi hiyo. Aspirini haina bei kali. Jeneza ndilo liko na bei.