Mukuru Iliyopangwa na Wenyewe

Paukwa! Pakawa! Haya, kaeni vizuri. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina maji, vyoo na barabara.

Jijini Nairobi, ubavuni mwa viwanda, kuna Mukuru: Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani. Kaya zipatazo laki moja zinaishi humo, nyingi katika chumba kimoja cha mabati, ukuta kwa ukuta na jirani. Zamani serikali iliwagawia watu binafsi sehemu kubwa ya ardhi ile wajenge viwanda vidogo. Vingi havikujengwa, yakajengwa makazi. Lakini kwenye ramani mahali pale palibaki pa viwanda, na mabomba ya maji hayaletwi kwa watu ambao ramani haiwajui.

Basi mama wa Mukuru akanunua maji kwa mtungi. Ukipiga hesabu lita kwa lita, alilipa zaidi ya tajiri wa mtaa wa pili anayefungua mfereji ndani ya nyumba. Stima na choo vilevile.

Mwaka 2017, mwezi wa Agosti, serikali ya kaunti ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango. Maana yake, ujenzi mpya usimame kwa miaka miwili hadi mpango ukamilike, na mpango uandikwe kwa kuwasikiliza wanaoishi pale.

Mtaniuliza: watu wote hao watatoshea ukumbi gani? Hawakuhitaji ukumbi. Kwa msaada wa Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, kaya kumi zilikaa pamoja zikachagua msemaji. Vikundi kumi vikaungana, navyo vikaungana na vingine, hadi neno la uchochoroni likafika mezani kwa wapangaji miji.

Na neno lilikuwa zito. Kanuni za kawaida za upangaji miji zinataka barabara pana. Kuzileta Mukuru ni kumvalisha mtoto kanzu ya babu yake: nyumba nyingi mno zingebomolewa. Wakazi wakakubaliana na wapangaji miji: barabara nyingine ziwe nyembamba, za kupita kwa miguu, ili watu wengi wabaki kwao. Mabomba ya majitaka nayo yakachaguliwa membamba, yanayofukiwa kina kifupi na kupenya vichochoro ambamo mitambo mikubwa haiingii.

Je, wakaishi raha mustarehe? Barabara zilitengenezwa, na mabomba yakaanza kufukiwa. Lakini mwishoni mwa 2021, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Mpango mzuri haujilindi wenyewe. Hulindwa na watu wanaoujua na kuudai.

Kwa hiyo, wanangu, shikeni hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo yanayowahusu. Baraza likiitwa mtaani kwenu kuhusu mtaro, taa au uwanja wa kuchezea, waambieni wazazi waende, nanyi mfuatane nao. Ninyi ndio mnaojua shimo lipi hujaa maji mnapokwenda shule. Semeni, tena mhakikishe neno lenu limeandikwa.