Ndoo Tatu Zikawa Sita: Nilichojifunza Ugalla Kuhusu Programu za Taasisi na Wingu

Mwaka wa tatu nilipangiwa mafunzo kwa vitendo mkoani Katavi, kwenye chama cha wafugaji nyuki chenye kituo cha kupokelea asali huko Ugalla. Wenzangu wengi walibaki Dar. Nilinuna kidogo, halafu nikajipa moyo: nitawaachia mfumo. Chama kilikuwa kinaandika kila kitu kwenye daftari, na mimi nilikuwa nimetoka kupata A kwenye somo la hifadhidata.

Wiki ya pili baada ya mfumo kuanza kazi, mzee mmoja alinifuata na kikaratasi mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu nisomee hapa. Karani anasema simu imeandika ndoo sita. Mimi nimeleta tatu."

Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa kilo 28 hivi, maana lita moja ya asali ni kama kilo 1.4. Ndoo tatu ni kilo 84. Mfumo wangu ulikuwa unasoma 168. Babu angeweza kunyamaza akalipwa mara mbili, na hela hiyo ingetoka kwenye mfuko wa wafugaji wenzake. Naandika haya kwa sababu kosa lile halikuwa la karani wala la mtandao. Lilikuwa langu, na nikiangalia miradi yetu ya mwaka wa mwisho, wengi tunalo bila kujua.

Programu ya taasisi ni nini hasa?

Programu tunazoandika darasani zina mtumiaji mmoja: mhadhiri, kwa dakika kumi, mbele ya projekta. Programu ya taasisi ina watu wengi wenye kazi tofauti juu ya kumbukumbu zilezile. Pale kwetu karani wa Ugalla alipima, mhasibu wa Mpanda alilipa, mwenyekiti alitaka ripoti ya msimu. Na siku yoyote mkaguzi angeweza kuja kuuliza nani aliandika nini na lini.

Kwa kawaida programu kama hiyo hujengwa kwa tabaka tatu. Juu ni kile mtu anachokiona: skrini ya simu au ukurasa wa kompyuta. Katikati ni seva yenye kanuni za kazi, kwa mfano karani haruhusiwi kubadili bei, na malipo hayatoki bila mhasibu kuidhinisha. Chini ni hifadhidata. Kanuni zikae katikati, si kwenye skrini pekee, kwa sababu skrini iko mikononi mwa mtumiaji na mjanja yeyote anaweza kuizunguka.

Kuna mambo mawili madogo ambayo darasani tunayapita haraka. Kwanza, fedha na uzito viandikwe kwa namba nzima: shilingi, na gramu. Ukitumia namba za desimali za kawaida za kompyuta, 0.1 ukijumlisha na 0.2 haikupi 0.3 kamili, na mwisho wa msimu hesabu inakataa kufunga. Pili, kumbukumbu ya mali haifutwi. Ukikosea, unaandika ingizo la marekebisho chini yake, kama mhasibu anavyofanya kwenye daftari. Kufuta ni kumnyima mkaguzi ushahidi.

Wingu liko wapi?

Neno wingu linatudanganya. Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine unayoikodi, iliyomo ndani ya jengo lenye umeme wa uhakika, viyoyozi na walinzi. Amazon walianza kukodisha hifadhi na seva kwa mtindo huu mwaka 2006. Kwa muda mrefu sisi wa Afrika Mashariki tulitumia mashine zilizoko Ulaya. Microsoft walifungua vituo vyao Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town mwaka 2020, na Google wakafuata Johannesburg mwaka 2024. Hapa nyumbani kuna Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama, Dar es Salaam.

Mimi nilikodi seva ndogo Cape Town. Kuipandisha programu kule kulinichukua siku mbili. Siku hizi unafunga programu yako ndani ya kontena, yaani boksi lenye programu pamoja na kila kitu inachokihitaji ili iende, iwe kwenye laptopu yako au kwenye seva. Docker ndiyo iliyofanya njia hii iwe ya kawaida kuanzia mwaka 2013. Unajaribu kwanza kwenye mazingira ya majaribio, unaweka nywila za hifadhidata nje ya msimbo, unawasha nakala rudufu ya kila usiku, unapandisha. Nilipiga picha ya skrini nikaituma kwenye grupu la darasa. Wadau wakanipongeza. Nikadhani kazi imeisha.

Safari ya kilo 84

Sasa fuatana na rekodi ya babu. Karani anaiandika kwenye simu janja akiwa kituoni, katika misitu ya miombo ambayo mto Ugalla unaikata ukielekea Malagarasi. Simu inatafuta mnara. Ukipata, data inapita Mpanda, inaingia kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, inafika Dar es Salaam, inazama baharini kwenye nyaya za mwanga na kuibukia Afrika Kusini. Kutoka Dar hadi Cape Town ni zaidi ya kilomita 3,500 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya waya huo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakufiki hata nusu sekunde, hata ukiongeza mizunguko yote ya njiani.

Kwa hiyo umbali si tatizo. Tatizo ni kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwemo, zikayumba kimtandao. Sisi tuliokuwa chuoni tunaikumbuka kwa sababu tulishindwa kupakia kazi zetu. Lakini lile lililokuwa tukio la taifa zima, Ugalla kwa kipimo chake lilikuwa jambo la karibu kila siku: mnara umezima, betri ya simu imeisha na jua halijatoka kuchaji sola, au karani amehama upande mmoja wa mti akapoteza mnara uliokuwepo upande wa pili.

Siku ya babu ilikuwa hivi. Karani alibonyeza "Tuma". Rekodi ilisafiri ikafika Cape Town salama, seva ikaiandika, ikarudisha jibu "imepokelewa". Jibu likapotea njiani kwa sababu mtandao ulikatika katika sekunde hiyohiyo. Simu ikaona kimya, ikamwambia karani imeshindikana. Karani, mtu makini, akabonyeza tena. Seva ikaandika kilo 84 nyingine.

Unaijua hali hii. Mama anakutumia elfu kumi kwa simu, meseji ya kuthibitisha hairudi, anatuma tena. Jioni unakuta elfu ishirini. Wewe umefurahi, mama ndiye anatafuta nauli.

Tulivyorekebisha

Wazo langu la kwanza lilikuwa la kivivu: seva ikiona mtu yuleyule na uzito uleule ndani ya dakika chache, ikatae ya pili. Kabla ya kuliweka nikapekua rekodi zote na kukuta jozi kumi na moja za namna hiyo. Tukazilinganisha na daftari moja moja. Tisa zilikuwa marudio ya kweli. Mbili zilikuwa halali: mtu alileta ndoo moja, akarudi kwenye baiskeli kuchukua ya pili yenye uzito sawa. Wazo langu lingewadhulumu hao wawili. Kukisia hakutoshi.

Dawa yenyewe ni ya zamani kwenye fani. Karani anapobonyeza "Hifadhi", kabla hata simu haijagusa mtandao, programu inaipa rekodi namba ya kipekee, ndefu na ya kubahatisha kiasi kwamba simu mbili haziwezi kuigongana kwa hali ya kawaida. Rekodi inakaa kwenye foleni ndani ya simu. Mtandao ukipatikana, inatumwa pamoja na namba yake. Kwenye hifadhidata unaweka sharti kwamba namba hiyo haijirudii. Rekodi ikija mara ya pili, seva haiandiki tena wala haitoi kosa, inajibu tu "hii ninayo". Simu ikipata jibu hilo, inaitoa kwenye foleni. Itume mara mia, matokeo ni yaleyale.

Zingatia mahali namba inapozaliwa. Rafiki yangu mmoja aliiga wazo hili lakini namba ikawa inatengenezwa kila simu inapotuma. Kila jaribio likapata namba mpya, na marudio yakaendelea kama kawaida.

Tukaongeza alama mbili, kwa mtindo ambao kila mtu anaujua kutoka WhatsApp: tiki moja, rekodi iko kwenye simu, tiki mbili, imefika. Karani akaacha kubonyeza kwa wasiwasi. Zile rekodi tisa hatukuzifuta. Kila moja iliandikiwa ingizo la kuondoa kilo zilizozidi, na sababu ikaelezwa pembeni.

Mengine ya kuangalia kabla hujapandisha

Bili. Seva inahesabiwa kwa saa na inalipwa kwa dola, iwe ina kazi au haina. Mafundisho mengi ya mtandaoni yatakusukuma kwenye mitambo ya makampuni makubwa, Kubernetes na ndugu zake. Chama chenye makarani wachache hakihitaji lori la tani thelathini kubeba ndoo tatu. Seva moja ndogo na hifadhidata moja vinatosha. Weka pia tahadhari ya matumizi, ili bili ikivuka kiwango upate ujumbe mapema.

Nakala rudufu. Kuwa nayo si kazi. Ijaribu: futa hifadhidata ya majaribio, kisha uirudishe kutoka kwenye nakala. Mara ya kwanza nilipojaribu, nakala yangu ilikuwa faili tupu.

Sheria. Majina na namba za simu za wanachama ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mimi nilizipeleka Cape Town bila kumuuliza mtu. Isome sheria hiyo kabla hujachagua seva ikae wapi.

Na daftari. Nilipofika nilitaka liondolewe siku ya kwanza. Bahati nzuri karani aligoma. Bila lile daftari tusingejua jozi ipi ni ya kweli na ipi ni ya bandia.

Kama unaandaa mradi wa mwaka wa mwisho, kuna jaribio la dakika mbili ambalo halihitaji kwenda Ugalla. Fungua programu yako kwenye simu, jaza fomu, bonyeza tuma, na papo hapo zima data. Washa, tuma tena. Sasa nenda kwenye hifadhidata uhesabu mistari. Ukikuta miwili, bado una kazi, na afadhali uigundue wewe leo kuliko kusubiri babu aje nayo kwenye kikaratasi.